Sikio Linapohukumu: Lafudhi na Dhana Tunazowajengea Wengine

Utangulizi

Wahenga walitutahadharisha mno kuhusu macho. Walipotuambia kwamba uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, walikuwa wakituonya dhidi ya kupumbazwa na sura ya nje. Walipoligeukia sikio walisema pia kwamba debe tupu haliachi kutika, yaani sauti ya kitu huweza kuwa ushahidi wa kilichomo ndani yake. Methali hii ina busara, kwani inamlenga mtu mwenye maneno mengi yasiyokuwa na kiini. Hata hivyo, katika maisha yetu ya kila siku tumeipitisha mipaka yake. Tunasikiliza jinsi neno linavyotamkwa badala ya kusikiliza linalosemwa, kisha tunaamua papo hapo kwamba debe ni tupu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hukumu ya namna hiyo inavyojengeka. Taaluma itakayotuongoza ni saikolojia ya jamii, tawi linalochunguza namna fikra na matendo ya mtu yanavyoathiriwa na watu wengine. Mfano tulioteua ni lafudhi. Tumeuteua kwa sababu wanafunzi wa Kiswahili ndio watu wanaosahihisha matamshi ya wenzao kuliko mtu mwingine yeyote chuoni, na kwa sababu wengi wetu tutasimama mbele ya darasa tukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Hoja yetu ni kwamba kasoro tunayodhani tumeisikia kinywani mwa msemaji mara nyingi huwa imeanzia katika sikio letu, na kwamba kulijua jambo hili hakutoshi kuliondoa.

Akili na haraka zake

Mwaka 1922, mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, alichapisha kitabu chake Public Opinion. Humo aliazima neno kutoka kwa wapiga chapa. Neno hilo lilikuwa jina la bamba la metali lililomiminwa kutoka kwenye kalibu ya herufi zilizokwisha kupangwa, ili ukurasa ule ule upigwe chapa mara nyingi bila kuzipanga herufi upya. Lippmann aliliona bamba hilo kuwa mfano mwafaka wa picha tulizo nazo vichwani kuhusu makundi ya watu: picha iliyomiminwa mara moja, kisha ikatumiwa kwa kila mtu wa kundi hilo atakayetokea. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita dhana mgando.

Gordon Allport, aliyeandika The Nature of Prejudice mwaka 1954, alikataa kuliona jambo hili kuwa ugonjwa wa watu wabaya. Kwa mujibu wake, kuwaainisha watu ni kazi ya kawaida ya akili. Abiria anayepanda matatu asubuhi ana nafasi ya kufumba na kufumbua kuamua atakaa karibu na nani. Hawezi kumsaili kila aliyemo. Pasipo kuainisha tungeshindwa hata kuvuka barabara. Tatizo, kwa maoni ya Allport, huanza pale ambapo uainishaji unakataa kusahihishwa na ushahidi. Mtu akionyeshwa mfano unaopinga dhana yake, huutenga mfano huo kando na kusema kwamba huyo ni wa kipekee. Sote tumewahi kuisikia kauli ya aina hii: "Yeye ni wa kabila hilo, lakini ni mtu mzuri." Neno "lakini" katika sentensi hiyo ndilo linalobeba mzigo wote.

Kuna haraka nyingine ya akili ambayo ni muhimu zaidi kwa mada yetu. Mwaka 1967, Edward Jones na Victor Harris walichapisha utafiti ambapo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa insha kuhusu Fidel Castro, kiongozi wa Kuba. Baadhi ya insha zilimtetea na nyingine zilimpinga. Wasomaji waliarifiwa kwamba mwandishi hakuuchagua msimamo aliouandikia; alipangiwa. Lau wangeizingatia taarifa hiyo kikamilifu, wangekiri kwamba insha haiwezi kuwaonyesha mwandishi anaamini nini. Haikuwa hivyo. Bado waliegemea kusema kwamba aliyeandika utetezi alikuwa akimpenda Castro kuliko aliyeandika pingamizi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1977, Lee Ross aliliita kosa hili kosa la msingi katika kuhusisha matendo na sababu zake. Maana yake ni kwamba tunapoeleza tendo la mtu mwingine, tunakimbilia tabia na hulka yake, huku tukiyapuuza mazingira yaliyomlazimisha kutenda vile.

Ulimi na historia yake

Tuichukue kanuni hiyo na kuileta katika darasa la Kiswahili. Mwanafunzi anasema "sauri" badala ya "shauri", au "samani" badala ya "zamani". Mwanaisimu ana maelezo yaliyo wazi: Kidholuo hakina sauti /sh/ wala /z/, kwa hiyo ulimi uliokulia katika lugha hiyo hutwaa sauti iliyo karibu zaidi. Mwingine anachanganya /l/ na /r/. Kikuyu hakina tofauti hiyo. Wa tatu anatamka "papa" pale anapokusudia "baba". Lugha za Kikalenjin hazitumii mghuno katika vipasuo kutofautishia maana, na sikio halijifunzi kuitambua tofauti ambayo lugha yake ya kwanza haikuihitaji. Haya yote ni mazingira, wala hayana uhusiano wowote na uwezo wa mtu wa kufikiri.

Hata hivyo, msikilizaji anafanya vile walivyofanya wasomaji wa zile insha za Castro. Anaruka mazingira na kutua kwenye hulka. "Huyu hajasoma." "Huyu ametoka kijijini juzi." Historia ya ulimi imegeuzwa kuwa kipimo cha akili.

Inafaa tujiulize mizani hii inamfikia nani. Katika Kimvita, mpumuo hutofautisha maana za maneno: paa, yule mnyama wa porini, hutamkwa kwa mpumuo, ilhali paa la nyumba halina. Wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Nairobi au Eldoret, pamoja na wale wenye shahada katika lugha hii, hawaitamki tofauti hiyo na pengine hawaisikii. Ni nadra wakaitwa wajinga kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mwanafunzi wa Mombasa anayeandika "ndoo" kwa maana ya "njoo", au "mato" kwa maana ya "macho", kama wanavyosema nyumbani kwao, hukuta alama nyekundu daftarini. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Uamuzi huo wa kiutawala ndio uliofanya namna moja ya kusema iitwe sahihi na nyingine iitwe kosa. Hatusemi usanifishaji haukuwa na manufaa. Bila huo, jarida hili lisingesomeka Lamu na Kakamega kwa pamoja. Tunasema tu kwamba sikio linalodai kupima elimu, kwa hakika linapima umbali kati ya msemaji na kamati.

Kuna kituko kingine ambacho kila msomaji amekishuhudia. Mgeni kutoka Ulaya akisema "mimi nataka kwenda soko", tunampigia makofi na kusema anakijua Kiswahili. Mkenya wa bara akisema maneno yale yale, tunacheka. Sarufi iliyovunjwa ni ile ile. Kilichotofautiana ni picha iliyotangulia sikio: kwa mgeni tulitarajia kimya, kwa hiyo kila neno ni ziada; kwa ndugu yetu tulitarajia ufasaha, kwa hiyo kila kosa ni pungufu. Mizani haikuwahi kuwa moja.

Sauti moja, watu wawili

Pengine msomaji atasema haya ni maoni tu. Kwa bahati nzuri, yamepimwa. Wallace Lambert na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, walichapisha mwaka 1960 matokeo ya mbinu ambayo imekuwa mhimili wa isimujamii tangu hapo. Waliwatafuta wasemaji stadi wa Kifaransa na Kiingereza, wakawarekodi wakisoma kifungu kile kile kwa lugha zote mbili. Kisha wanafunzi walisikilizishwa sauti hizo bila kujua kwamba baadhi ya wasemaji walikuwa wamesikika mara mbili. Waliombwa wakadirie kila msemaji: ana akili kiasi gani, anategemewa kiasi gani, hata urefu wake ni upi. Kwa kuwa mtu alikuwa mmoja, tofauti yoyote ya makadirio haikuweza kutoka kwake.

Wasikilizaji wa Kiingereza waliipendelea sauti ya Kiingereza. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashtua watafiti ni wasikilizaji wa Kifaransa. Nao pia waliipendelea sauti ya Kiingereza, na katika sifa kadhaa waliishusha sauti ya Kifaransa, yaani lugha ya mama zao, chini kuliko walivyoishusha wale Waingereza. Wakati huo Montreal ilikuwa mji ambao wengi walisema Kifaransa, lakini fedha na vyeo vikubwa vilikuwa mikononi mwa wasemaji wa Kiingereza. Masikio yalikuwa yamejifunza mpangilio wa mamlaka.

Msomaji wa Kenya hahitaji kusafiri hadi Montreal ili kuuelewa mchakato huu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anasimulia jinsi mwanafunzi aliyepatikana akisema Kikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa bamba shingoni lenye maandishi ya kumdhalilisha. Wenzake walitumiwa kumsaka na kumfichua. Mbinu hiyo iliendelea katika shule nyingi muda mrefu baada ya uhuru, kibao kikipokezwa kutoka mkono hadi mkono siku nzima. Mtoto aliyepitia hayo hakufundishwa Kiingereza pekee. Alifundishwa kuisikia sauti ya nyumbani kwao kuwa sauti ya kosa, na alifundishwa kuwa askari wa hukumu hiyo dhidi ya rafiki zake.

Sikio linalosikia kwa macho

Utafiti wa Donald Rubin, uliochapishwa mwaka 1992, unatupeleka hatua moja zaidi. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walisikiliza mhadhara uliorekodiwa na mwanamke mzaliwa wa nchi hiyo. Mbele yao palikuwa na picha ya anayedaiwa kuwa mhadhiri. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, na jingine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Kanda ilikuwa ile ile, silabi kwa silabi. Walioonyeshwa sura ya Kiasia walidai kusikia lafudhi ya kigeni zaidi. Isitoshe, walipopimwa, walikuwa wameelewa mhadhara kidogo kuliko wenzao.

Tulitafakari tokeo hili la pili. Mtu anayelalamika kwamba hakumwelewa mwalimu kwa sababu ya lafudhi yake hasemi uongo. Kweli hakuelewa. Ila kizuizi hakikuwa kwenye sauti. Kilikuwa kwenye matarajio yaliyomfanya asikilize nusu nusu. Ndiyo maana dhana mgando ni ngumu kung'oka: inajitengenezea ushahidi wake, na mwenye dhana anaushika ushahidi huo kwa mikono yake mwenyewe.

Je, pakiondolewa chuki na matarajio mabaya, lafudhi haitamwathiri tena msikilizaji? Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walilichunguza swali hilo mwaka 2010. Waliwasikilizisha watu sentensi za maarifa ya kawaida, kwa mfano kwamba twiga anaweza kukaa bila maji kwa muda mrefu kuliko ngamia. Baadhi zilitamkwa na wazawa wa Kiingereza, nyingine na watu wenye lafudhi za kigeni. Wasikilizaji waliambiwa waziwazi kwamba msemaji anapitisha tu ujumbe alioandikiwa na mtafiti. Ujuzi wake binafsi haukuhusika. Hata hivyo, sentensi zilizotamkwa kwa lafudhi ya kigeni zilionekana kuwa na ukweli mdogo. Maelezo ya watafiti ni kwamba lafudhi ngeni huifanyisha akili kazi ya ziada kidogo, na akili, isipojua uzito huo umetoka wapi, huutupia ujumbe wenyewe. Kisichoteremka kwa urahisi hudhaniwa kuwa si kweli.

Katika sehemu ya pili ya utafiti huo, wasikilizaji waliarifiwa kwamba kinachopimwa ni athari ya lafudhi. Waliweza kujirekebisha kwa wasemaji wenye lafudhi nyepesi. Kwa wale wenye lafudhi nzito, athari iliendelea licha ya onyo. Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodhani kwamba warsha moja ya uhamasisho inatosha.

Hasara inayopimika

Matokeo ya hukumu hizi hayaishii kwenye hisia. Thomas Purnell, William Idsardi na John Baugh walichapisha mwaka 1999 utafiti uliofanywa katika eneo la San Francisco. Baugh, ambaye ni Mmarekani mweusi aliyeweza kusema kwa lafudhi tatu, aliwapigia simu wenye nyumba za kukodisha akitumia Kiingereza sanifu cha Marekani, Kiingereza cha Wamarekani weusi, na kile cha Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Maneno yalikuwa sawa. Katika mitaa iliyokaliwa zaidi na Wazungu, lafudhi mbili za mwisho zilipata miadi ya kuiona nyumba mara chache zaidi. Salamu ya sekunde chache ilitosha kumfungia mtu mlango kabla hajaufikia.

Hapa kwetu, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Sheria hiyo inakataza matamshi ya chuki na ubaguzi wa kikabila, ukiwemo ule wa kazini. Ni sheria iliyohitajika. Lakini inamfikia kwa wepesi zaidi anayenena kuliko anayesikia. Mwajiri aliyeisikia lafudhi ya mwombaji kazi na kuamua kwamba "hakujieleza vizuri" hajatamka neno lolote la chuki, na pengine hajui kwamba amebagua.

Kuna hasara nyingine ambayo walimu wanapaswa kuitazama kwa makini. Mwaka 1977, Mark Snyder na wenzake huko Minnesota waliwaunganisha wanaume na wanawake wasiojuana kwa simu. Kila mwanaume alipewa picha aliyoambiwa ni ya mwanamke atakayezungumza naye. Kwa hakika picha haikuwa yake. Baadhi ya picha zilikuwa za warembo na nyingine za watu wasiovutia. Baadaye, majaji ambao hawakujua lolote walisikilizishwa sauti za wanawake peke yake. Wale waliodhaniwa kuwa warembo walisikika kuwa wachangamfu zaidi. Mwanaume aliyetarajia uchangamfu alizungumza kwa ukunjufu, naye mwanamke akaitika vivyo hivyo. Tarajio lilizaa tabia. Mwalimu anayekunja uso mwanafunzi anapoanza "sauri langu ni..." asishangae mwanafunzi huyo akigugumia, akifupisha jibu lake, na mwishowe akiacha kuinua mkono kabisa.

Mbele ya darasa

Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, kusikiliza na kuzungumza ni miongoni mwa mada kuu za somo la Kiswahili. Kwa hiyo sauti ya mwanafunzi inapimwa zaidi kuliko awali. Insha iliyoandikwa haina lafudhi, hotuba inayo.

Yapo mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya bila kusubiri tabia ya nafsi yake ibadilike. La kwanza ni kutenganisha alama. Matamshi yapewe safu yake na hoja ipewe yake, na safu ya hoja ijazwe kwanza, kwa kurejelea mambo yaliyosemwa. Mwalimu asiyeweza kutaja hoja mbili za mwanafunzi baada ya hotuba yake hana msingi wa kusema kwamba hotuba ilikuwa dhaifu.

La pili linahusu muda. Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba msikilizaji anayekutana na lafudhi ngeni hupungukiwa na kasi ya kuelewa mwanzoni, lakini pengo hilo hupungua sana katika muda usiofika dakika moja. Sikio linazoea upesi likipewa nafasi. Bahati mbaya ni kwamba dakika hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kuamua msemaji ni mtu wa aina gani. Basi mwalimu aiache kalamu mezani katika dakika ya kwanza ya kila hotuba, na amwombe mwanafunzi aanze kwa jambo lisilo na alama: salamu, jina la kijiji chao, habari ya safari ya asubuhi.

La tatu lina utata zaidi. Baadhi yetu husema kwamba kufundisha matamshi sanifu ni kuendeleza kile kibao cha zamani. Hatukubaliani na kauli hiyo. Anayetaka kusoma taarifa ya habari redioni atahitaji /sh/ na /z/ zake, na kumnyima mafunzo hayo kwa jina la heshima ni kumfungia mlango mwingine. Linalowezekana ni kufundisha sauti kama mkufunzi wa ala anavyofundisha vidole: hapa ulimi unagusa ufizi, hapa hewa inapita, jaribu tena. Mwanafunzi aelezwe pia kwa nini sauti hiyo inamtatiza, na lugha yake itajwe kwa jina na mfumo wake uchorwe ubaoni. Kisha mwalimu atamke "paa" mara mbili, kwa mpumuo na bila mpumuo, awaombe wanafunzi wake wa bara waseme ni lipi la porini na ni lipi la nyumba, na asubiri majibu.